Mgongo Hausagiki kama Mahindi: Mwongozo wa WHO Tumeusoma Vibaya

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yaliyopita miezi mitatu bila kuonekana ugonjwa mahususi unaoyaleta. Mambo mawili ndani yake huzua ubishi kila yanapotajwa, iwe kwenye benchi la kliniki ya mifupa Moshi au kijiwe cha bodaboda Ngaramtoni. La kwanza, mkanda wa mgongo, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya tramadol, vyote havipendekezwi. La pili, tiba ya kisaikolojia inapendekezwa, ikiwa mstari mmoja na elimu kwa mgonjwa, mazoezi na kukandwa. Hapo ndipo watu wanapochukia. Mgonjwa anasikia, "Kumbe wanaona najifanya." Wako na watoa huduma wanaotumbukia shimo hilohilo kwa upande wa pili: mgonjwa ambaye picha yake haionyeshi kitu, basi tatizo lake ni la akili, apelekwe huko.

Hoja yangu ni kwamba maumivu ni ya kweli kwa wagonjwa wote hao. Ila wiki sita hivi zikishapita, kinachomtenganisha anayerudi shambani na anayebaki na mkongojo mara nyingi hakiko kwenye pingili. Kiko kwenye hofu yake, usingizi wake, namna alivyopumzika, na sentensi aliyoambiwa na mtu mwenye koti jeupe. Sentensi hiyo ina nguvu ya dawa, na hapa kwetu tunaitoa bila kupima dozi.

Tuanze na mwili wenyewe, maana neno saikolojia linawafanya watu wadhani mwili tumeuacha. Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa kiuno, hakuna uvimbe, maambukizi wala mfupa uliovunjika unaoweza kunyooshewa kidole kuwa ndio chanzo. Kitu kidogo huchubuka au kuteguka, nacho hupona kama kifundo cha mguu kinavyopona. Shida ni king'ora kinachobaki kimewashwa. Ubongo ndio unaopima hatari, na katika kupima hutumia kila ulicho nacho: taarifa za neva, kumbukumbu ya jirani aliyepooza, usiku wa saa nne za usingizi, deni la SACCOS, ripoti ya picha. Mwaka 2000 Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza mzunguko ambao bado ndio msingi wa fani hii. Maumivu yakitafsiriwa kuwa balaa, huzaa hofu. Hofu huzaa kukwepa. Kukwepa hudhoofisha misuli na roho. Udhaifu huo huongeza maumivu, na tafsiri ya balaa inapata ushahidi mpya. Mzunguko huu unaonekana hata kwa vipimo vya misuli. Mtu asiye na maumivu akiinama kuokota kitu, misuli mirefu ya kiuno hufanya kazi mwanzoni, na akifika chini kabisa huzima, uzito ukabaki kwenye kano. Kwa wengi wenye maumivu sugu misuli hiyo haizimi. Imekaza akishuka, imekaza akipanda, imekaza hata akiwa amekaa kanisani. Msuli uliokazwa kutwa nzima huuma wenyewe, na mwenye nao huuchukua uchungu huo kuwa dalili kwamba mgongo unaendelea kuharibika.

Sasa tuje kwenye picha. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya matokeo ya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski iliyotuna ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 84 ya wazee wa miaka 80. Watu hao wote walikuwa wakitembea zao bila kulalamika. Uchakavu huo unahesabu miaka kama mvi zinavyohesabu, na hakuna anayeambiwa apumzishe kichwa kwa sababu kina mvi. Lakini chukua mama wa Kibosho mwenye miaka 48, aliyelipia MRI kwa fedha za kuuza ndama. Anafunguliwa bahasha na kuambiwa, "Pingili zimesagika, mama. Usiiname, usibebe kitu kizito." Kusagika ni neno la mashine ya mahindi. Kilichosagika hakirudi kuwa punje. Mama huyo anaondoka akiwa ameelewa vizuri kabisa kile Kiswahili kilichomwambia: ndani yake kuna unga, na kila akiinama unga unaongezeka. Utafiti mmoja wa India uliochapishwa 2021 uliwagawa wagonjwa 44 makundi mawili. Kundi moja lilisomewa kila kilichoandikwa kwenye ripoti ya MRI, jingine likaelezwa kwamba mabadiliko yanayoonekana ni ya kawaida kwa umri. Tiba ilikuwa ileile kwa wiki sita. Waliosomewa yote waliona migongo yao ni mibovu zaidi, na uwezo wao wa kufanya shughuli ulikuwa nyuma ya wenzao. Kundi lilikuwa dogo, kweli, lakini linaeleza jambo ambalo mtaalamu yeyote wa mazoezi tiba analiona kila wiki.

Na picha si chanzo pekee cha hofu. Mwanaume kiuno kikimuuma anaambiwa ni ngiri, na neno ngiri linakuja na tishio la nguvu za kiume. Mwanamke anaambiwa UTI au figo, anapewa antibayotiki, wiki mbili zinapita, maumivu yanapungua kama ambavyo yangepungua kwa hali yoyote, na UTI inapata sifa isiyo yake. Halafu ipo ile ya sindano ya mgongo. Wanawake wengi waliojifungua kwa upasuaji wanaamini ganzi waliyochomwa mgongoni ndiyo inayowatesa miaka kumi baadaye. Tafiti zilizowafuatilia wanawake waliopewa ganzi ya epidural wakati wa uchungu hazikukuta ongezeko la maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Palipochomwa huweza kuuma siku kadhaa, basi. Ujauzito wenyewe, na kumbeba mtoto anayekua huku umelala usingizi wa mang'amung'amu, vinatosha kueleza mengi. Anayeamini kwamba sindano ilimharibu hana sababu ya kufanya mazoezi, kwa kuwa kilichoharibiwa na sindano hakitengenezwi kwa kutembea. Imani inaamua tabia, na tabia inaamua mgongo.

Upo upinzani wa kuheshimiwa, na ulio mzito kuliko wote unahusu kazi. Mgumu, yaani mpagazi anayepandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro, dereva wa watalii anayetikiswa kutwa kwenye barabara ya vumbi, mama anayekata majani ya ng'ombe mteremkoni na kuyabeba kichwani: unamwambiaje mtu huyu kuhusu mawazo yake? Je, si kumwondolea mwajiri lawama? Hofu hii ina msingi. Mwaka 1991 Stanley Bigos na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi 3,020 wa Boeing, na wale waliosema karibu hawafurahii kazi zao kabisa walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kuripoti maumivu ya mgongo. Wapo waajiri waliolisoma hilo kama kibali cha kusema wafanyakazi ni wavivu. Walichosahau ni kwamba utafiti ule ulipima kuripoti, na kwamba kutofurahia kazi mara nyingi ni jina la kazi mbaya: msimamizi asiyesikiliza, malipo yasiyotabirika, mapumziko yasiyokuwepo. Kwa hiyo hoja ya kazi haiipingi hoja ya saikolojia, inaiingia ndani. Hofu ya mgumu kwamba akisema anaumwa jina litafutwa kwenye msafara ujao ni sehemu ya maumivu yake, na haiondolewi kwa ushauri nasaha. Inaondolewa na anayepanga majina.

Upinzani wa pili ni wa ushahidi, nao una haki ya kusikilizwa. Tafiti nyingi zimefanyika Australia, Ulaya na Marekani. Ile ya Colorado iliyochapishwa 2021, ambamo asilimia 66 ya waliopata tiba ya kufundisha ubongo kuyatafsiri upya maumivu walifikia kutoumwa au karibu na hapo, ilihusu watu 151, wengi wao wenye elimu na maumivu ya wastani. Huwezi kuihamishia Mererani bila kusita. Kwa jumla, tiba za kisaikolojia zikitolewa peke yake, mbali na mazoezi, nafuu yake kwa wastani ni ndogo. Ndiyo maana matokeo ninayoyapa uzito zaidi ni ya Australia ya mwaka 2023, yaliyohusu wagonjwa 492 waliokuwa wakishindwa shughuli zao. Hawakupelekwa kwa mwanasaikolojia. Walihudumiwa na wataalamu wa mazoezi tiba waliofundishwa kuuliza kuhusu hofu na kisha kuijaribu hofu hiyo kwa vitendo palepale chumbani: vikao visivyozidi saba ndani ya wiki 12, na kimoja cha kukumbushia wiki ya 26. Nafuu ilikuwepo bado mwaka ulipokwisha. Kwetu ambako wanasaikolojia tiba ni wa kuhesabu lakini Moshi ina historia ndefu ya kufundisha wataalamu wa mazoezi tiba, huo ndio mfano wa kunakili.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo yenye wafuasi wengi: pumzisha mgongo, ufunge mkanda, upone. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki waliwagawa wagonjwa wa maumivu mapya ya kiuno makundi matatu: siku mbili za kulala kitandani, mazoezi maalumu ya mgongo, au kuendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yalivyoruhusu. Walioendelea na shughuli walipona haraka kuliko wote. Waliolala walikuwa wa mwisho. Siku mbili tu kitandani, na zilitosha kuchelewesha. Mkanda nao unauza wazo kuliko unavyoshika mfupa. Kitambaa chenye vyuma vinne hakiwezi kushikilia safu ya mifupa inayozungukwa na misuli mizito, ila kinaweza kukukumbusha kila dakika kwamba mgongo wako unahitaji kushikiliwa. Anayevaa kwa saa moja ya kazi ngumu hajifanyii ubaya mkubwa. Anayelala nao amejifunga hofu kiunoni.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote asiogope, lazima kuhakikisha hakuna la kuogopwa, na katika mikoa yetu miwili, Kilimanjaro na Arusha, orodha ni mahususi. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata umelala. Kwa familia za wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi kuna brusela, ambayo huweza kukaa kwenye pingili na kufanana na kifua kikuu. Ameanguka kutoka kwenye mti au pikipiki? Hiyo ni eksirei kwanza. Aliyewahi kuugua saratani naye achunguzwe. Na dalili isiyosubiri hata kesho: ganzi sehemu zinazokalia tandiko, yaani matakoni na sehemu za siri, mkojo kugoma au kuvuja, choo kikubwa kutoka bila kujua, miguu miwili kulegea. Huyo ni wa dharura, saa hiyohiyo. Kama haya hayapo, na uchunguzi wa mikono, miguu na neva uko sawa, picha haihitajiki katika wiki za mwanzo.

Kinachofuata ni kazi ya mikono, na hapa ndipo tiba nyingi huharibika. Anza na kipimo. Kwa siku tatu mgonjwa atembee kwa mwendo wake mpaka maumivu yapande alama mbili kati ya kumi, kisha aandike dakika. Tuseme amepata 12, 9 na 15, wastani 12. Anaanzia chini ya wastani, dakika 10, na anatembea dakika hizo 10 kila siku, iwe mgongo umekubali au umekataa. Siku nzuri hazidishi, siku mbaya hapunguzi. Kila wiki anaongeza dakika moja au mbili hadi afike 30, mara tano kwa wiki. Kiwango hicho cha mwisho ndicho kilicholengwa katika utafiti wa kutembea wa Australia wa 2024 kwa watu 701 waliokuwa wametoka kupona: nusu ya waliotembea walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu kurudi, dhidi ya siku 112 kwa wengine.

Kutembea ni nusu. Nusu ya pili ni lile analoliogopa, na kwa wanawake wengi wa vijijini huku ni ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na hakuna anayeanza nayo. Weka lita 5 juu ya stuli. Kabla hajainua, muulize anatarajia nini kitatokea na ana uhakika kiasi gani kati ya 0 na 100. Akisema, "Kitu kitakatika, 80," andika. Ainue mara tano, akitoa pumzi wakati wa kupanda na kuacha mgongo upinde kwa raha yake, bila kujikaza kama mlingoti. Kisha muulize kimekatika nini. Siku tatu baadaye lita 5 kutoka chini, halafu lita 10 stulini, lita 10 chini, na kuendelea. Ukiondoa swali la utabiri, umebaki na mazoezi ya kubeba maji, na hofu yake haijaguswa. Kosa la pili ni mtaalamu kumwambia aache mara tu anaposikia maumivu; hiyo ni kumfundisha upya kwamba maumivu ni uharibifu. Kanuni inayofanya kazi ni kuangalia saa 24 zinazofuata: maumivu yakipanda na kurudi yalipokuwa ndani ya muda huo, hatua ilikuwa sahihi. Yakidumu siku mbili, rudi hatua moja, na usirudi kitandani. Kosa la tatu ni vishikizo: mkono kiunoni, mkanda chini ya kitenge, binti amesimama pembeni tayari kudaka. Kila kishikizo kinachukua sifa ya mafanikio. "Nimeweza kwa sababu ya mkanda." Vitolewe kimoja kimoja.

Na lipo kosa la wachapakazi, ambalo huku Uchagani nalichukulia kuwa ndilo kubwa. Jumamosi mgongo umekubali, mtu anapalilia kihamba kizima kufidia wiki iliyopotea; Jumapili hadi Jumatano yuko kitandani. Alhamisi anaanza tena. Akihesabu mwezi, kazi aliyofanya ni pungufu ya yule aliyepalilia mistari minne kila siku, na amejithibitishia mara nne kwamba kulima kunamvunja. Kumshawishi mtu wa namna hii aache kazi huku bado ana nguvu ni kugumu kuliko kumtoa mwoga kitandani.

Hakuna kati ya haya linalohitaji mashine. Linahitaji muda na maneno. Chombo cha maswali tisa kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, na kujaribiwa mwaka 2011, hujazwa kwa dakika chache. Matano kati yake yanagusa hofu, wasiwasi, kukata tamaa, huzuni na kiasi maumivu yanavyomkera mtu, na anayekubali manne au zaidi kati ya hayo matano huhitaji vikao virefu, si sindano nyingine ya diklofenaki. Ripoti ya picha inaweza kuongezewa mstari mmoja unaosema mabadiliko haya huonekana pia kwa watu wengi wa umri huu wasio na maumivu. Neno "zimesagika" lifutwe kwenye midomo ya kliniki. "Zimezeeka kidogo kama za rika lako" lina ukweli zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inatupa swali la kifedha la kuuliza kuhusu kila kifurushi: je, kitalipia vikao saba vya mazoezi tiba vya dakika 45 kwa urahisi uleule wa kulipia picha moja? Kikilipia picha tu, hospitali zitapiga picha. Jimbo la Victoria, Australia, lilitangaza kwenye televisheni kuanzia 1997 ujumbe mwepesi wa kutoulalia mgongo, na madai ya fidia ya mgongo yakapungua, wakati jimbo jirani lisilo na matangazo halikubadilika. Redio za huku zinasikika mpaka Rombo na Longido, na zinatangaza mikanda.

Linalobaki gumu ni kurudi kazini kidogo kidogo, kwa sababu kazi zetu nyingi hazina kidogo kidogo. Mgumu ama anabeba kilo 20 za kikomo au anabaki nyumbani bila posho, na kwa hiyo anarudi akiwa hajawa tayari, au harudi kabisa. Hapa kiongozi wa msafara ana uwezo kuliko daktari. Mizigo hupimwa getini kabla ya kupanda, Marangu na Machame vilevile, na kilo hugawanywa palepale. Aliyetoka kuumwa apewe kilo 10 safari mbili za kwanza, 15 ya tatu, 20 ya nne, kwa malipo yaleyale, na tofauti igawiwe wenzake kumi, kilo moja moja, kwa wale ambao mizani imewaonyesha wako chini ya kikomo.